Pembe ya Baruti: Jinsi ya Kuijua Asili na Umri Wake

Sarafu hutuambia jina la mfalme aliyeipiga, na jiwe la kaburi hutuambia jina la marehemu. Lakini vyombo vya mtu wa kawaida, kama vile kisu chake, kibuyu chake au mkoba wake, aghalabu havisemi lolote. Mwenye chombo hufa, na chombo hubaki bubu. Pembe ya baruti ni miongoni mwa vyombo vichache vilivyoepukana na ububu huo, kwa kuwa katika nchi na nyakati fulani askari na wakulima walikuwa na desturi ya kuziandika pembe zao: jina, mahali, tarehe, na pengine hata ramani ya njia waliyopita. Kwa sababu hiyo hatuoni kwamba habari hizi ni za wakusanyaji wa silaha peke yao. Anayeisoma pembe ya baruti hufanya kazi ile ile aifanyayo mwalimu wa lugha awekewapo hati ya zamani isiyo na jina wala mwaka. Hutazama herufi, tahajia, majina ya mahali, na mkono ulioandika.

Mifano yetu mingi itatoka Amerika ya Kaskazini ya karne ya 18, maana huko pembe nyingi ziliandikwa na nyingi zimehifadhiwa. Baadaye tutarejea kwetu Afrika ya Mashariki, ambako swali ni jingine na ushahidi ni wa namna nyingine.

Kwanza ni lazima tuijue bunduki yenyewe, na hapa Kiswahili kina hazina ambayo wanafunzi wetu wameanza kuisahau. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukiwaka polepole. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa jiwe lililogonga chuma na kutoa cheche. Bunduki ya fataki iliwashwa kwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya mlipuko, kilichopachikwa juu ya kifa na kupigwa na nyundo ya bunduki. Zote tatu hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kitambaa au karatasi, kisha risasi, na vyote husukumwa ndani kwa mdeki. Hizo ndizo bunduki zilizohitaji pembe. Ilipokuja bunduki ya kujazwa kwa nyuma, ambayo risasi yake na baruti yake hukaa pamoja katika ganda moja, pembe ilikosa kazi. Wazee waliiita bunduki hiyo bunduki ya kiasi, na jina hilo linaeleza mambo vizuri. Mwenye gobori hakumimina baruti kutoka katika pembe moja kwa moja ndani ya mtutu, maana kaa dogo lililobaki ndani baada ya mlio uliotangulia lingeweza kuiwasha pembe nzima mkononi mwake. Aliimimina kwanza katika kipimo, na kutoka katika kipimo akaitia mtutuni. Katika bunduki mpya kazi hiyo ya kupima ilikwisha fanywa kiwandani, na ganda lenyewe likawa kiasi.

Baruti ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, na adui yake wa kwanza ni maji. Baruti iliyolowa haiwaki. Pembe ya ng'ombe haivuji, haishiki kutu, haitoi cheche ikigongana na chuma, ni nyepesi, na ilipatikana bure kwa mtu aliyekwisha kula nyama. Ndiyo maana ilitumika katika mabara mengi bila watu kuigana.

Utengenezaji wake ni rahisi kueleza. Pembe huchemshwa au kulowekwa mpaka mfupa wa ndani ulegee na kutoka. Ncha, ambayo ni ngumu na haina uwazi, hukatwa na kutobolewa, nayo huwa mdomo wa kumiminia. Upande mpana, ambao tutauita kitako, huzibwa kwa kipande cha mti kilichochongwa kwa kadiri ya uwazi na kushikiliwa kwa vijiti vidogo au misumari. Kisha pembe hukwanguliwa mpaka iwe nyembamba, na iliyokwanguliwa vyema hupitisha nuru hata mwenyewe akaweza kuiinua juani na kuona baruti imefika wapi. Mdomo hupewa kizibo. Baadhi ya watu walikuwa na pembe mbili: kubwa kwa ajili ya mtutu, na ndogo kwa ajili ya baruti laini iliyotiwa katika kisahani cha bunduki ya gumegume.

Umbo pekee laweza kutuonyesha nchi. Katika nchi za Kijerumani za karne ya 16 na 17 walitumia sana pembe ya kulungu yenye panda mbili, iliyochorwa visa vya Biblia au vya miungu ya kale. Waskoti waliipasha moto pembe ya ng'ombe na kuibana mpaka ikawa bapa, kisha wakaitia nakshi za kamba zilizosukana. Wahindi wa enzi ya wafalme wa Moghul walichonga vyombo vidogo vya pembe za ndovu vyenye wanyama wanaomezana. Waarabu wa Omani walikuwa na vyombo vya baruti vya fedha vyenye umbo la pembe, ijapokuwa si pembe. Huko Pennsylvania mafundi wa kulipwa walitengeneza pembe zenye ncha ya kuzungushwa kama parafujo, zilizokerezwa kwa mashine ya mguu, na hizo mara nyingi hazina maandishi yoyote. Pembe zilizoandikwa kwa wingi ni za New England na New York, na hizo ndizo zinazotushughulisha.

Vita vya Waingereza na Wafaransa katika Amerika ya Kaskazini vilianza mwaka 1754 na kumalizika mwaka 1763. Askari wengi wa upande wa Waingereza walikuwa vijana wa mashambani, walioandikishwa kwa msimu mmoja na kupelekwa kaskazini mwa Albany, kwenye ngome zilizolinda njia ya Mto Hudson na Ziwa George. Kazi yao kubwa ilikuwa kungoja. Walikuwa na visu na pembe, nao walikuwa na jambo jingine ambalo askari wengi wa zama zile hawakuwa nalo: walijua kusoma na kuandika. Koloni ya Massachusetts ilitoa sheria mwaka 1647 kwamba kila mji wenye kaya 50 uweke mwalimu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Miaka mia moja baadaye matokeo ya sheria ile yalikuwa yamechongwa juu ya pembe za ng'ombe. Hatudhani kwamba waliotunga sheria ile waliwahi kuyafikiria matokeo hayo.

Maandishi ya pembe hizi hufuata mtindo mmoja: jina la mtu, kisha maneno yenye maana ya 'pembe yake', kisha mahali na tarehe. Kiingereza cha siku zile kiliruhusu kusema 'fulani pembe yake' mahali pa 'pembe ya fulani', na msomaji wa Kiswahili hataona ajabu, maana hata sisi husema 'Juma kitabu chake' tunapotaka kumtanguliza mwenye kitu. Muundo huo ulififia katika Kiingereza sanifu baadaye. Ukikutwa katika pembe ni dalili njema, ingawa si hakikisho, kwa kuwa mghushi naye hujifunza sarufi.

Hapa pana kosa la kusoma linalorudiwa mara nyingi. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni jina la mwenye pembe. Si lazima liwe jina la aliyeichonga. Katika kambi walikuwapo watu wenye mkono mzuri ambao wenzao waliwapa pembe zao wawaandikie, na watu hao kwa kawaida hawakutia majina yao. Mmoja wao alikuwa John Bush, mtu mweusi huru kutoka Shrewsbury, Massachusetts, aliyekuwa askari kwenye Ziwa George mwaka 1755. Herufi zake kubwa zimepambwa kwa majani na vikonyo, zikifuata mwandiko wa vitabu vya kufundishia hati nzuri, na mapambo yake yaliigwa na wachongaji waliomfuata. Mwaka 1757 Wafaransa na washirika wao Wahindi Wekundu waliizingira ngome ya William Henry, ngome ikasalimu amri mwezi Agosti, na Bush alikuwa miongoni mwa waliotekwa. Hakurudi tena kwao.

Jina lake lilipatikanaje? Kwa kazi ya kulinganisha miandiko. William Guthman, mkusanyaji na mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyechapisha kitabu juu ya pembe hizi mwaka 1993, aliziweka pamoja pembe za Ziwa George na kutazama namna kila herufi ilivyoanza na ilivyokatwa. Kutoka katika kazi iliyojulikana kuwa ya Bush ikawezekana kutambua nyingine zisizo na jina lake. Sehemu kubwa ya mkusanyo wa Guthman sasa imo katika makumbusho ya Deerfield, Massachusetts. Tumelikalia jambo hili kwa sababu linaonyesha faida halisi ya kuijua asili ya kitu. Watu waliozimiliki pembe zile walikwisha kumbukwa, maana majina yao yamejaa upande mmoja wa pembe hadi mwingine. Aliyekuwa katika hatari ya kupotea ni mtu mweusi aliyeyaandika majina hayo, naye aliokolewa na mwandiko wake.

Sasa tuje kwenye umri. Tarehe iliyoandikwa ni ushahidi wa kwanza, lakini ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa, nao huhojiwa kwa maneno yaliyo kando yake. Mfano ulio bora ni Ziwa George lenyewe. Wafaransa waliliita Ziwa la Sakramenti Takatifu. William Johnson ndiye aliyelipa jina la Mfalme George mwezi Agosti 1755. Pembe yenye jina la Ziwa George na mwaka 1754 imejishtaki yenyewe. Vivyo hivyo ngome ya Stanwix ilijengwa mwaka 1758, basi ramani ya mwaka 1756 haiwezi kuwa nayo. Pembe iitajayo nchi ya Marekani kwa jina lake la sasa haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1776. Tai aliyekunjua mabawa na kushika mishale na tawi aliwekwa katika muhuri wa taifa hilo mwaka 1782, na pembe zenye tai huyo ni za baada ya hapo; ukoo wa Tansel wa Kentucky na Indiana ulijulikana kwa pembe za namna hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Nembo ya mfalme wa Uingereza nayo ina saa yake: maua ya Ufaransa yaliondolewa katika nembo mwaka 1801, maana wafalme wa Uingereza waliacha wakati huo kudai kiti cha Ufaransa.

Herufi nazo zina umri. Katika karne ya 18 herufi 's' mwanzoni na katikati ya neno iliandikwa ndefu, hata ikafanana na 'f', na desturi hiyo ilikufa katika vitabu vya Kiingereza karibu na mwaka 1800. Anayeghushi leo huijua 's' ndefu lakini hajui kanuni zake, akaiweka mwisho wa neno mahali isipokaa kamwe. Kadhalika neno la Kiingereza lililoandikwa kwa 'y' na 'e' ndogo juu yake: hiyo 'y' si 'y' bali ni mabaki ya herufi ya kale iliyotamkwa 'th'. Mwandishi wa zamani aliiinua ile 'e' kama mkato wa haraka. Mwigaji wa siku hizi huitumia kama pambo na kuitia kila mahali.

Kalenda pia yahitaji uangalifu. Kabla ya mwaka 1752 mwaka wa kisheria wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo mwezi Februari uliohesabiwa na wengine kuwa wa mwaka 1748 waliuandika 1747, au waliandika miaka yote miwili pamoja kwa mstari wa mkato. Pembe yenye miaka miwili ya namna hiyo haina kosa. Sisi ambao tumezoea hati zenye mwaka wa Hijra hatutashangaa; mtu asiyejua ndiye atakayesema kwamba hati ya mwaka 1255 ina umri wa karne saba na zaidi, hali mwaka 1255 wa Hijra ulianza Machi 1839.

Wimbi la pili la pembe zilizoandikwa lilikuja mwaka 1775 na 1776, Waamerika walipouzingira mji wa Boston. Wengi wao walikuwa kambini Roxbury, Cambridge na vilima vya jirani, na mchoro wa mji wenye minara ya makanisa na meli bandarini huonekana mara kwa mara. Baada ya hapo pembe ilianza kurudi nyuma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1792 juu ya wanamgambo yaonyesha hali ilivyokuwa: mwenye bunduki ya kawaida alitakiwa awe na mfuko wenye viasi visivyopungua 24, na mwenye bunduki ya mtutu wenye mikato ya ndani ndiye aliyetakiwa awe na pembe, risasi 20 na robo ratili ya baruti. Kwa hiyo pembe ya baada ya mwaka huo yaelekea kuwa ya mwindaji au ya mpiga shabaha kuliko ya askari wa kawaida. Kisha zikaja chupa za shaba zilizopigwa kwa mashine, zenye kipimo kilichofungwa mdomoni, na viwanda vya Sheffield vikazieneza duniani kote katika karne ya 19.

Karne hiyo ilipokaribia mwisho wake, pembe zilikuwa zikitupwa au kuuzwa kwa bei ya takataka. Aliyezishughulikia alikuwa mwalimu wa shule, Rufus Grider, aliyefundisha uchoraji katika mji mdogo wa Canajoharie, New York, tangu mwaka 1883. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba kuazimwa pembe, akazichora kwa rangi mamia kwa mamia, huku akiikunjua nakshi yote ya mviringo juu ya karatasi moja. Michoro yake imo katika Jumba la Historia la New York. Pembe nyingine alizozichora hazijulikani zilipo leo, na mchoro wake ndio ushahidi uliobaki. Mwenye shaka juu ya pembe fulani huweza kuilinganisha na mchoro wake: herufi ikiwa imeongezwa baada ya Grider, itaonekana. Alikuwa na umri wa miaka 66 alipohamia huko, basi asiwepo mwalimu atakayetuambia kwamba amechelewa.

Kuhusu kughushi, yafaa kueleza kwamba pembe nyingi za bandia ni pembe za kweli. Pembe ya kale isiyo na maandishi hupatikana kwa bei ndogo; ikitiwa jina la kapteni na mwaka 1758, bei hupanda mara nyingi. Muuzaji naye hupiga chuku. (Tutaona punde kwamba msemo huu nao umetoka katika pembe.) Dawa yake ni kutazama mfuatano wa mambo kwa kioo cha kukuzia. Upande uliokuwa ukisuguana na ubavu wa mvaaji hulainika, na maandishi ya kweli hulainika pamoja nao. Yakiwa makali mahali palipolika, yamekuja baadaye. Wadudu wanaokula pembe huacha vijishimo, na mchoro wa kweli hukatwa na shimo. Mchoro ukiingia ndani ya shimo, au ukilizunguka kwa heshima, basi shimo lilitangulia. Ufa nao ni shahidi kama huyo. Tazama pia kitako: mti hunywea upande mmoja zaidi kuliko mwingine kadiri miaka ipitavyo, na kipande kilichokuwa mviringo huwa na umbo la yai. Misumari iliyofuliwa kwa mkono ina kichwa kisicho sawa. Iliyokatwa kwa mashine ilianza miaka ya 1790. Ile ya waya, yenye mwili wa mviringo kama tuitumiayo sasa, ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Lakini msumari mpya huweza kuwa wa matengenezo tu, na pembe iliyotumika miaka sitini ni lazima itakuwa imetengenezwa. Dalili moja haihukumu.

Tukirejea Afrika ya Mashariki, hali inabadilika. Hapa pembe za baruti kwa kawaida hazina maandishi, na msomaji wa herufi hukosa kazi. Tena kuna tatizo linalotangulia lile la umri, nalo ni kwamba si kila pembe yenye tundu ilitiwa baruti. Nyumba moja ingeweza kuwa na pembe za kazi nne. Chuku ni pembe ndogo ya kuumikia: kitako chake ki wazi, maana ndicho kinachokaa juu ya ngozi, na ncha ina tundu dogo la kufyonzea hewa. Ngozi iliyopigwa chuku huvimba, na ndiyo sababu ya kusema kwamba mtu aliyeongeza habari amepiga chuku. Baragumu la kwetu aghalabu hupulizwa kwa ubavu, na siwa, ya shaba ya Lamu na ya pembe za ndovu ya Pate, zina tundu la ubavuni vilevile. Pembe ya dawa huwa wazi kitakoni, ambako dawa hutiwa na kuchukuliwa, na ncha yake haikutobolewa. Pembe ya baruti ndiyo pekee iliyozibwa kitako kwa kudumu na kufunguliwa ncha kwa kizibo. Anayezikumbuka tofauti hizo nne hatadanganywa kirahisi, ingawa lazima akumbuke pia kwamba pembe ya baruti iliyokosa bunduki yake huweza kung'olewa kitako na kupewa kazi ya dawa.

Baruti yenyewe iliingia kwa wingi kupitia Unguja, na hapo ndipo habari za Amerika na zetu zinapokutana kweli. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Maskati. Mkataba uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza bidhaa zao katika bandari za Sultani, isipokuwa bunduki, baruti na risasi: hizo kisiwani Unguja zingeuzwa kwa serikali yake tu, bali katika bandari nyinginezo ziliruhusiwa. Merikebu za Salem, Massachusetts, zilizoleta merikani na kuchukua pembe za ndovu, zilileta na mapipa ya baruti. Kwa hiyo baruti iliyotiwa katika pembe ya ng'ombe wa Unyamwezi iliweza kutoka katika jimbo lile lile la akina John Bush. Biashara hiyo ilizidi kukua. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka upwa wa mashariki.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulizuia silaha mpya zisiingie Afrika katika eneo lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mikato mtutuni na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Matokeo yake yanamhusu sana anayetafuta umri. Huko Ulaya gumegume iliachwa na majeshi katika miaka ya 1840. Kwetu, gobori la gumegume lililotengenezwa Liège au Birmingham liliendelea kuingia kihalali baada ya mwaka 1890. Mtu akisema kwamba pembe ni ya karne ya 18 kwa kuwa imekutwa pamoja na bunduki ya gumegume, amepima mambo ya Tabora kwa saa ya London. Pembe hiyo huenda ilitobolewa baada ya reli kujengwa.

Kwa hiyo pembe ya kwetu haina budi kuulizwa kwa watu. Mara nyingi wapo wajukuu wanaojua ni ng'ombe gani, ni nani aliyekwenda nayo safari ya pwani, na bunduki yake ilichukuliwa na serikali gani. Maneno wanayoyatumia nayo ni ushahidi. Mzee anayetaja fataki na kifa anaikumbuka bunduki tofauti na ya yule anayetaja gumegume, na anayetaja mrao amepokea habari za mbali zaidi ya wote wawili. Yafaa maneno hayo yaandikwe kama alivyoyatamka, katika lugha yake ya nyumbani, kabla ya kutafsiriwa. Na pembe ichorwe kwa namna ya Grider au ipigwe picha pande zote, ikionyesha kitako, ncha, na mahali kamba ilipofungwa.

Neno moja limebaki, nalo ni la usalama. Kuna watu wanaojaribu pembe kwa sindano ya moto ili waisikie harufu, kwa kuwa pembe ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua na ya plastiki hunuka vingine. Jaribio hilo huharibu chombo, tena huweza kuharibu na mwenye sindano. Baruti ya kale haifi kwa uzee. Ikikaa kavu hulipuka baada ya miaka mia kama ilivyolipuka siku ya kwanza. Pembe ikitikiswa na kusikika kitu kikichuruzika ndani, iwekwe mbali na moto, jua kali na watoto, kizibo kisilazimishwe kwa chuma, na polisi waitwe kuichukua.